Mwanao anampenda Sungura? Muulize pia habari za Punda wa Dobi

Muulize mtoto wa hapa nyumbani mnyama anayempenda zaidi kwenye hadithi, na mara nyingi atakutajia Sungura. Sungura ni mdogo, hana pembe wala meno makali, lakini anamzidi Simba akili, anamcheka Fisi na mwisho wa hadithi anaondoka ameshiba. Watoto wanamuelewa haraka, kwa sababu nao ni wadogo ndani ya nyumba iliyojaa watu wakubwa.

Wengine wanampenda Abunuwasi, ambaye hakuna tajiri wala mfalme aliyemuweza kwa maneno. Wadogo zaidi wana Akili, binti wa miaka minne wa katuni ya Akili and Me inayotengenezwa hapa Tanzania, ambaye akilala anakwenda kukutana na marafiki zake wanyama na kujifunza nao.

Hakuna ubaya mtoto kuwa na kipenzi chake. Lakini kila hadithi ina wengine pia: yupo mgonjwa anayetajwa mara moja, yupo aliyedanganywa, yupo aliyenyamaza, na yupo bibi aliyepika uji kisha hadithi ikaendelea bila yeye. Shuleni wanaitwa wahusika wadogo. Nyumbani hatuwaiti chochote, tunawapita tu tukikimbilia swali letu la siku zote: “Haya, umejifunza nini kwa Sungura?”

Makala hii inakuomba mzazi au mlezi usiwapite. Sababu yake ni ya kiafya kabisa.

Mtoto mwenye jambo zito mara chache hulisema moja kwa moja. Atasema tumbo linauma kila Jumatatu asubuhi. Ataanza tena kukojoa kitandani wakati alishaacha. Atakataa kwenda kwa mtu aliyekuwa akimpenda. Maneno yenyewe hayatoki, kwa sababu hana, au kwa sababu ameambiwa asiseme. Mtoto huyohuyo ukimuuliza habari za mtu mwingine, tena mtu wa kwenye hadithi, anaweza kuzungumza hadi ukashangaa.

Nimechagua hadithi tatu za zamani za pwani yetu. Zote zimo katika kitabu cha hadithi za Kiswahili kilichochapishwa London mwaka 1870 na Edward Steere, mmisionari aliyezikusanya kutoka kwa wasimulizi wa Unguja. Tangu hapo zimesimuliwa na kuandikwa upya mara nyingi, na huenda uliwahi kuzisikia kwa bibi yako zikiwa zimebadilika hapa na pale. Hilo halina shida. Isimulie kama ulivyoipokea.

Kima, Papa na mgonjwa asiyeulizwa

Kima alikuwa akila kuyu juu ya mkuyu ulioinamia baharini. Papa akaja chini, akaomba naye arushiwe. Kima akamrushia leo, kesho na keshokutwa, hadi wakawa marafiki. Siku moja Papa akamwambia, twende kwetu nikakukirimu, panda mgongoni kwangu.

Walipofika katikati ya maji ndipo Papa akasema ukweli. Sultani wao alikuwa mgonjwa sana, na imesemwa dawa yake ni moyo wa kima. Kima akamjibu kwamba angeambiwa mapema angekuja nao, maana kima wakitembea huiacha mioyo yao mtini. Wakarudi kuuchukua. Kima akaruka mtini, na ndio ukawa mwisho wa urafiki.

Watoto wanacheka sana hapo, na wana haki ya kucheka. Kisha muulize mwanao: katika hadithi hii, nani tumemsahau?

Mpwa wangu, ambaye yuko darasa la pili, alinijibu kwa swali: “Kwani yule sultani alipona?” Nilikuwa nimeisikia hadithi hii tangu utotoni na sikuwahi kuwaza kwamba kuna mgonjwa anayesubiri huko chini ya bahari. Yeye aliwaza, kwa sababu wiki hiyo babu yake alikuwa amelazwa na hakuna mtu mzima aliyekuwa amemueleza kinachoendelea. Tuliongea kuhusu papa, na ndani yake tukaongea kuhusu babu: anaumwa nini, daktari anafanya nini, kwa nini watoto hawaruhusiwi kuingia wodini.

Familia nyingi huwaficha watoto habari za ugonjwa kwa nia njema. Lakini mtoto anaona nyuso, anasikia simu za usiku, na asipopewa maelezo anajitungia yake, ambayo mara nyingi ni mabaya kuliko ukweli. Wapo wanaojilaumu, wakidhani ni utundu wao uliomuuguza mama. Sultani wa papa ni mlango mzuri wa kuanzia maongezi hayo.

Yupo na mwingine mdogo zaidi, hata jina hana: yule aliyesema kwamba moyo wa kima ni dawa. Nani huyo? Alijuaje? Mtoto wa miaka minane au tisa anaweza kulijadili hili vizuri. Nchini kwetu watu wenye ualbino, wakiwamo watoto, wameuawa na kukatwa viungo kwa sababu kuna watu waliosema viungo vyao vinaleta utajiri, na wengine wakaamini. Kima alijiokoa kwa akili yake. Watoto wetu wasingetakiwa kuhitaji akili hiyo. Mkubwa anayemsikia mtu akisema mwili wa mwenzake ni dawa ndiye anayepaswa kukataa, kumripoti na kuwafundisha wanawe wakatae.

Halafu turudi kwa Papa mwenyewe. Yeye hakuwa mgeni wa ghafla. Alikula kuyu za Kima siku nyingi, akajenga mazoea, ndipo akamwalika kwake. Tunawafundisha watoto wasiongee na watu wasiowajua, na ni sawa. Lakini wengi wa wanaowadhuru watoto wanafahamika na watoto hao. Ni jirani, ni ndugu, ni mtu anayeingia na kutoka nyumbani bila kubisha hodi. Muulize mtoto: Kima angejuaje mapema? Angemuaga nani kabla ya kupanda mgongoni? Majibu yatakuonyesha kama mwanao anajua kwamba hata anayemfahamu hapaswi kumchukua bila wewe kujua.

Punda aliyerudi mara ya pili

Akiwa salama mtini, Kima alimsimulia Papa hadithi nyingine, ile ya punda wa dobi. Ni hadithi ndani ya hadithi, na ndiyo iliyonifanya niandike makala hii.

Dobi, yaani mfua nguo, alikuwa na punda wake. Punda akatoroka porini, akala, akanenepa. Sungura akamwona. Wakati huo Simba alikuwa ametoka kuugua, hana nguvu za kuwinda, na Sungura akamwahidi kumletea nyama. Akamwendea Punda kwa maneno matamu, akimwambia kwamba Simba anataka kumuoa. Punda akafurahi, akaenda. Simba akamrukia, wakapigana, na kwa kuwa Simba alikuwa dhaifu, Punda akaponyoka na majeraha yake.

Siku zikapita. Sungura akarudi kwa Punda, akampoza kwa maneno mengine. Punda akakubali tena. Safari hii Simba alikuwa amepata nguvu, akamuua.

Simba akataka aletewe moyo na masikio. Sungura alikuwa ameshavila. Alipoulizwa viko wapi, akajibu kwamba punda huyu hakuwa na moyo wala masikio, kwani angekuwa navyo asingerudi mara ya pili. Na Kima naye akamwambia Papa: mimi si punda wa dobi.

Hapo msimulizi anacheka, watoto wanacheka, na Sungura tunayempenda anaondoka ameshiba. Punda anabaki kuwa mfano wa mjinga.

Sasa isome tena ukimfikiria mtoto. Mtu mzima anamwahidi binti kitu anachokitamani: simu, nauli, chipsi, mapenzi. Anakwenda, anaumizwa, anarudi kimya. Baada ya muda mtu huyo anakuja na maneno mengine, msamaha au vitisho, na binti anakwenda tena. Siku jambo likijulikana, swali la kwanza analoulizwa na ndugu, majirani na wakati mwingine hata wanaotakiwa kumhudumia ni hili: “Mbona ulirudi?”

Hilo ni swali la Sungura, ambaye ndiye aliyemdanganya. Tunamuuliza aliyedanganywa kwa nini alidanganyika, na aliyemdanganya hatumuulizi kitu.

Mtoto hurudi kwa anayemdhuru kwa sababu nyingi. Anaweza kuwa ametishwa, au anamtegemea mtu huyo kwa ada na chakula. Anaweza kumpenda, kwa sababu siku nyingine mtu huyohuyo ni mwema kwake. Anaweza asijue kwamba alichofanyiwa ni kosa la jinai. Hakuna hata sababu moja kati ya hizo inayolihamishia kosa kwake.

Jambo hili si la watoto wachache. Utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto uliofanyika mwaka 2009, na matokeo yake kutangazwa mwaka 2011, ulionyesha kuwa karibu wasichana 3 kati ya 10 na takribani mvulana 1 kati ya 7 walikuwa wamefanyiwa angalau tukio moja la ukatili wa kingono kabla ya kufikisha miaka 18. Angalia wavulana hapo. Punda wa hadithi anaweza kuwa mwanao wa kiume pia.

Kwa hiyo ukimaliza kusimulia, muulize mtoto: Punda alikosea nini? Wengi watasema alikuwa mjinga. Usimkaripie. Endelea: Sungura alimwambia nini? Je, Punda alijua Simba atamuua? Alipoponyoka mara ya kwanza, alikuwa na nani wa kumwambia? Swali hili la mwisho ndilo zito. Punda alikuwa peke yake porini. Hakuna aliyemuona na majeraha akamuuliza umepatwa na nini. Dobi mwenyewe, aliyekuwa na punda huyo, hatumsikii akimtafuta.

Kisha mwambie mwanao waziwazi: wewe ukidanganywa hata mara tano, nyumbani kwetu hutaambiwa huna masikio. Utasikilizwa. Mtoto anahitaji kulisikia hilo kabla ya siku ya shida, kwa sababu siku yenyewe atakuwa anawaza zaidi kuhusu kipigo chako kuliko kuhusu aliyemuumiza.

Paa aliyenyamaza mbele ya wanafunzi

Hadithi ya pili ni ya Mwalimu Goso. Aliwafundisha watoto kusoma chini ya mbuyu. Paa akapanda mbuyuni kuiba mabuyu, moja likaanguka, likampiga mwalimu kichwani, akafa.

Wanafunzi wakaapa kumtafuta aliyemuua. Wakaanza na upepo wa kusi, wakamshika wampige. Kusi akajitetea: ningekuwa na nguvu hizo, ningezuiwa na ukuta? Wakaenda kwa ukuta, nao ukasema ningekuwa na nguvu, ningetobolewa na panya? Panya akamtaja paka, wakaendelea hivyo kwa kamba, kisu, moto, maji, ng'ombe na papasi, hadi wakamfikia Paa.

Kila mmoja kabla yake alikuwa na jibu. Paa alinyamaza, wakamuua.

Watoto wanaipenda hadithi hii kwa sababu ya mnyororo wake, wanaukariri na kushindana. Mhusika wa kumuuliza habari zake ni Paa. Ni kweli alikuwa mwizi wa mabuyu, na ni kweli buyu lilianguka kwa sababu yake. Lakini hakukusudia kumuua mwalimu. Aliyenyamaza ndiye aliyehitaji zaidi kusikilizwa, na kunyamaza kwake ndiko kulikochukuliwa kuwa jibu.

Nyumbani tunafanya hivyo mara nyingi kuliko tunavyodhani. Glasi imevunjika, hela ya maziwa imepungua, mdogo ameanguka. Tunawapanga mstari na kuuliza kwa sauti ya juu. Mwenye maneno anajitetea na kuondoka. Asiye na maneno anaangalia chini, na tunasema, unaona, amekosa la kusema.

Mwili wa mtoto aliyeogopa haufanyi kazi kama wa aliyetulia. Moyo unakwenda mbio, mdomo unakauka, misuli inakaza, na mtoto anaweza kuganda akashindwa kupanga hata sentensi moja. Hiyo ni namna ya mwili kujilinda. Haithibitishi kwamba ametenda kosa wala kwamba ana kiburi. Ukiongeza sauti, hali inazidi. Ukikaa chini, ukapunguza sauti na kumpa muda, akili inarudi kufanya kazi na maneno yanakuja.

Muulize mwanao: kama Paa angepewa nafasi ya kusema, angesema nini? Mwache ajibu kwa sauti ya Paa. Mtoto mpole, yule ambaye kila siku unalalamika haongei, anaweza kukushangaza hapa. Halafu muulize: nani angemsaidia Paa kusema? Akikutaja wewe, una bahati. Akimtaja bibi, dada wa kazi au mwalimu, usichukie. Umejua mwanao anamkimbilia nani, na hiyo ni taarifa muhimu.

Bibi aliyempikia Paa uji

Ya tatu ni ya Hamdani, masikini aliyekuwa akichakura jaani kutafuta punje za mtama. Siku moja akaokota thumni, akanunua paa mdogo, watu wakamcheka. Kumbe paa yule alikuwa anasema. Alimtafutia bwana wake almasi, akamchumbia binti wa sultani kwa jina kubwa la Sultani Darai, akaua nyoka mwenye vichwa saba na kumpatia jumba lake.

Kisha Paa akaugua. Akamtuma bibi kizee aliyekuwa ndani ya nyumba ile akamwambie bwana kwamba hajiwezi. Bwana akajibu apikiwe uji wa mtama, chakula duni katika nyumba yenye kila kitu, na akakumbusha kwamba alimnunua kwa thumni tu. Mkewe akamsihi, asisikie. Bibi akarudi na majibu yale machungu. Paa akafa, akatupwa kisimani. Hamdani akalala tajiri, akaamka yuko jaani anachakura kama zamani.

Kipenzi cha watoto hapa ni Paa, na anayezomewa ni Hamdani. Bibi hazungumziwi. Lakini yeye ndiye aliyekaa na mgonjwa, akapeleka ujumbe, akarudisha jibu, akapika alichoruhusiwa kupika. Hakuwa na mamlaka wala fedha.

Nikienda wodini kwa kazi zangu ninamwona bibi huyo kila mara. Ni shangazi aliyeacha biashara yake kumuuguza kaka. Ni dada wa kazi anayembeba mtoto wa tajiri wake usiku kucha. Ni mama anayelala sakafuni karibu na kitanda cha mwanawe. Wakati mwingine ni mtoto mwenyewe, binti wa miaka kumi anayekosa shule ili amchotee mama mgonjwa maji. Familia inamkumbuka aliyetuma hela ya dawa, na anayeshika beseni hatajwi kwenye shukrani.

Muulize mtoto: bibi alijisikiaje aliporudi na jibu la bwana? Alikuwa amechoka? Nani alimpikia yeye? Kisha uliza nani katika nyumba yenu anafanana naye. Ikiwa jibu ni dada wa kazi, hapo umepata nafasi ya kumfundisha mwanao kusema “asante, dada” na “shikamoo” kwa mtu ambaye wageni hawamsalimii.

Kuna faida nyingine. Katika hadithi nyingi bibi kizee wa peke yake ni mchawi. Watoto wanaikariri picha hiyo, na nje ya hadithi ina madhara. Kanda ya Ziwa wanawake wazee wamewahi kuuawa kwa kushukiwa uchawi, baadhi yao kwa sababu tu macho yao ni mekundu, wakati moshi wa kuni na wa samadi jikoni kwa miaka mingi unatosha kuyafanya hivyo. Mtoto aliyelelewa na hadithi ya bibi muuguzi anakuwa na picha nyingine ya kuweka kando ya ile ya mchawi.

Namna ya kuuliza

Kwa kawaida mtoto anaanza kuelewa vizuri kwamba mwenzake anaweza kuwaza na kuhisi tofauti na yeye anapokaribia miaka minne. Kabla ya hapo simulia tu, imba, igiza sauti za wanyama. Baada ya hapo maswali haya yanaanza kumfaa, na yanamkuza lugha pamoja na huruma.

Serikali nayo, kupitia Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto iliyoanza 2021/22, inahesabu malezi yenye mwitikio kuwa moja ya mahitaji matano ya mtoto mdogo, sambamba na afya bora, lishe, ujifunzaji wa awali, na ulinzi na usalama. Mwitikio maana yake ni kwamba mtoto akisema, unajibu kile alichosema yeye. Kusimuliana hadithi ni namna rahisi ya kufanya hivyo, tena haina gharama.

Haya yatakusaidia:

Tenga dakika kumi, simu ikiwa mbali. Wakati wa kulala unafaa, lakini hata kwenye kuosha vyombo au ndani ya daladala inawezekana.

Uliza swali moja au mawili tu. Ukiuliza kumi umegeuza hadithi kuwa mtihani. La kuanzia ni rahisi: nani tumemsahau?

Usirukie kwenye “na wewe je, umewahi kufanyiwa hivyo?” Mwache abaki ndani ya hadithi. Akitaka kutoka atatoka mwenyewe.

Usisahihishe hisia. Akisema Fisi anamuonea huruma kwa sababu ana njaa kila siku, usimwambie Fisi ni mlafi. Muulize njaa ya Fisi ikoje.

Kubali kurudia. Mtoto anayeomba hadithi ileile mara ya ishirini huenda bado ana jambo analitafuta ndani yake. Angalia ni sehemu gani anakaza macho.

Waombe na akina baba wasimulie. Watoto wengi hawajawahi kumsikia baba akiigiza sauti ya Punda, na wanaikumbuka kwa muda mrefu.

Jibu likiwa zito

Mara chache, lakini inatokea, mtoto ataacha kuongea kuhusu Punda na kuanza kuongea kuhusu mtu mnayemfahamu. Usipige kelele, usikimbilie kumpigia simu mtu huyo, na usimuulize mtoto kwa nini hakusema mapema. Mwambie mambo matatu: nimekusikia, si kosa lako, nitakulinda. Msikilize kwa maneno yake mwenyewe bila kumlisha majina wala matukio.

Kama amefanyiwa ukatili wa kingono hivi karibuni, mfikishe hospitali haraka. Dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya Ukimwi zinatakiwa kuanzwa ndani ya saa 72, na kadiri zinavyoanza mapema ndivyo zinavyofanya kazi vizuri. Usimwogeshe wala kufua nguo alizovaa kabla hajapimwa. Baadhi ya hospitali zina Kituo cha Mkono kwa Mkono, ambako mtoto anapata matibabu, polisi na ustawi wa jamii mahali pamoja. Vituo vingi vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto. Simu ya Mtoto ni 116, kupiga ni bure, na mtoto mwenyewe anaweza kupiga.

Usikubali yamalizwe kifamilia kwa mbuzi au kwa fedha. Wakubwa wakipatana wao kwa wao, mtoto anabaki kama Punda, hana aliyemuuliza.

Hadithi nyingi hazitafika huko. Nyingi zitaishia kwa kicheko, usingizi, au ubishi wa kama kima anaweza kweli kuacha moyo mtini. Lakini mtoto aliyezoea kuulizwa habari za asiyetajwa anajua jambo moja kuhusu nyumba yenu: kwamba hata aliye mdogo, mgonjwa, mwoga au aliyedanganywa, habari zake zinaulizwa.

Kwa hiyo leo usiku msimulie Sungura kama kawaida, mcheke pamoja. Ukimaliza, kabla hujazima taa, uliza: “Na Punda je?”